Redio Iliyovuma Bila Maneno

Benchi la mbele ya kinyozi lilikuwa zito jioni hiyo. Mwenzao Mrefu, mlinzi wa machimbo ya kokoto, alikuwa amezikwa juzi. Ukuta wa mawe ulimwangukia. Kabla hajakata roho aliita kwa redio yake ya upepo, ile ya kuwasiliana na ofisi, tena na tena. Ofisini taa ya redio ikawaka, ukasikika mvumo mtupu, wa zamu wakadhani amekalia kitufe. Sasa redio hiyo ilikuwa mapajani mwa Fundi Waya, ganda lake wazi, naye kahawa yake hajaigusa.

— Betri hiyo, alisema Kinyozi.

— Betri nzima. Ingekufa, wasingesikia hata mvumo.

— Basi antena.

— Nzima. Mawimbi yalifika. Sauti ndiyo haikuyapanda.

Dereva wa lori akasonya.

— Minara ya simu hiyo! Inanyonya sauti za watu. Juzi nampigia mke wangu, kaitika mwanamke mwingine.

— Huyo mwingine unamjua mwenyewe, Kinyozi alimkatiza.

Wakacheka, kisha wakaona aibu.

— Mimi nasema sauti yake imo humo humo, alinong'ona muuza kahawa. Fundi, funika hilo ganda, itatoroka.

Fundi aliiwasha redio. Alichomeka maikrofoni nyingine, akabonyeza, akaita. Redio ya pili, aliyompa Kinyozi aishike, ikasema safi: "Haloo, haloo." Akarudisha maikrofoni ya Mrefu: mvumo. Akaukunja waya wake shingoni, pale unapoingia kwenye maikrofoni. Nusu ya neno ikaruka, ikakatika.

— Ni hapa. Uzi umekatika ndani ya mpira. Kitufe kinafanya kazi, maneno ndiyo hayana njia.

Siku nyingine angejisifu. Leo alihisi kana kwamba shingo iliyokunjwa ni yake.

Mama yake Mrefu alikuwa amefika, kasimama nyuma yao na khanga yake ya msiba.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Mmeuona ugonjwa wa redio yake?

— Tumeuona, mama. Waya wa maikrofoni.

— Kwa hiyo mwanangu alikuwa anaongea.

— Alikuwa anaongea, mama.

— Alikuwa anasema nini?

Dereva aliinamia viatu vyake. Fundi akaizima redio. Muuza kahawa akammiminia mama kikombe. Mama akakipokea kwa mikono miwili, akakishika hivyo hivyo mpaka kikapoa.