Bibi Harusi Hagusi Majani

Benchi la kona, mbele ya banda la fundi viatu, lina mguu mmoja mbovu, na asubuhi hiyo lilitikisika mfululizo kwa sababu Kidumu alikuwa hatulii. Kidumu ni muuza maziwa. Hakuna aliyewahi kumwona bila kidumu mkononi, ila leo kaja mikono mitupu. Ng'ombe wake, Bibi Harusi, siku ya tatu hagusi majani, anaharisha, na maziwa yamekatika. Kahawa kaishika tu, hata hajaionja.

— Daktari wa mifugo kasemaje? aliuliza Gundi, fundi viatu mwenyewe, uzi mdomoni.

— Kasema tumboni mwake wamo vijidudu, maelfu kwa maelfu, ndio wanaomsagia majani. Ng'ombe akipata fadhaa, nao wanavurugika. Mimi nikaona maziwa yanapungua, nikamlisha ndoo nzima ya pumba kwa mkupuo. Ndipo nikawamaliza!

— Maelfu? akadakia Redio, kinyozi asiyezimika. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ua wote!

— Wakiisha na yeye kaisha, bwana wee! Daktari anataka kumletea wengine. Anachota maji ya tumbo la ng'ombe mwingine mwenye afya, anamnywesha huyu.

Gundi akatema uzi.

— Mama yangu! Anywe matapishi ya mwenzake?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Redio. Ila wakihamia na tabia za huko walikotoka je? Utaamka unakuta ng'ombe hakujui, anakupiga mateke.

— Kweli kabisa, alisema Gundi. Shemeji yangu alikula kwa jirani wiki moja tu, akarudi anakoroma kama jirani.

Kidumu hakucheka. Daktari angefika saa nne kutaka jibu.

— Jamani, huyu ndiye anayelisha nyumba yangu. Nikubali au nikatae?

— Haraka haraka haina baraka, alisema Gundi. Ngoja wiki ijayo.

— Wiki ijayo utakuwa unashona ngozi yake! akadakia Kidumu.

Hapo akasimama mama mmoja aliyehamia mtaani juzi, chupa tupu mkononi.

— Samahanini. Nimeelekezwa kwa muuza maziwa mwenye ng'ombe wawili.

— Kabaki mmoja, mama, alisema Kidumu. Yule wa pili, Wifi, nilimuuza wiki iliyopita. Na leo hakuna maziwa.

— Walikuwa pamoja muda mrefu?

— Zizi moja, miaka sita.

— Pole, baba. Na huyu aliyebaki, saa hizi yuko na nani?

Kidumu akakumbuka. Jana daktari aliuliza kama kuna lolote lililobadilika nyumbani, na Kidumu akajibu hakuna, ni pumba tu. Tangu alfajiri alikuwa akizunguka kuomba ushauri, na Bibi Harusi amefungwa peke yake, uso umeelekea hori tupu la Wifi.

Kidumu akaweka kikombe chini, kimejaa vilevile, akaondoka mbio kuelekea zizini bila kuaga.