Mama Geji na Presha Inayopotea Bombani

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Juni 1974, akiwa mtoto wa nne kati ya watano wa baba seremala na mama mwalimu. Jina la Mama Geji alipewa kazini, likamganda hata mama yake mzazi akalizoea. Nasi ndilo tutakalolitumia leo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, kisha sekondari, kisha chuo cha ufundi, ambako alikuwa msichana pekee darasani. Mwalimu mmoja alimshauri ahamie ushonaji. Alijibu kwamba hata kifungo kinamshinda, na hakusema uongo; mumewe ni fundi cherehani, na vifungo vyote vya nyumba ile ni kazi ya mumewe.

Tarehe 3 Februari 1997 aliajiriwa ofisi ya maji, kitengo cha vipimo. Kwa wasiojua kazi yake: ndani ya bomba kubwa hubanwa bamba la chuma lenye tundu katikati. Maji yakijibana kupita tunduni, presha hushuka, na tofauti ya presha kabla na baada ya bamba, inayosomwa kwenye geji, yaani saa ya kupimia presha, ndiyo huonyesha maji kiasi gani yamepita. Mhandisi mkuu wa wakati huo aliamini kwamba mbele ya safari presha yote hurudi. Mama Geji alimkatalia mbele ya watu.

"Bosi, hairudi yote. Nyingi imekwenda na maji, na leo si msemo."

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Septemba 2001, wakajaliwa watoto wawili. Kitindamimba alizaliwa mwaka 2006 katika hospitali iliyo kilimani, wodi ya wazazi, ghorofa ya tatu, ambako mchana mabomba yalikuwa makavu na mume alipandisha ndoo ngazi baada ya ngazi. Mkunga alipomletea mtoto, mama hakuuliza wa kike au wa kiume.

"Dada, huku juu maji hayapandi tangu lini?"

"Mwenzangu," mume akasema akihema, "kwanza mwangalie mwanao!"

Tangu siku hiyo alikuwa na neno moja: mwanamke anayejifungua pale afungue bomba apate maji. Alilifuata bomba la kilimani akakuta bamba lenye tundu dogo mno. Akafunga geji nyingine mbali zaidi, akaandika vipimo, akaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya presha iliyoshuka pale hairudi. Wakubwa wakasema tatizo ni pampu. Pampu mpya ikaja, ghorofa ya tatu ikabaki kavu vilevile. Alipigania tundu pana kwa miaka kumi na minane, na sisi nyumbani tulikuwa tukimtania kwamba ameolewa na bamba. Tunajuta utani huo.

Jumatatu, tarehe 11 Machi 2024, bamba jipya lilifungwa, na nati ya mwisho aliikaza mwenyewe. Hakuwa mtu wa kushangilia kabla mabomba hayajatoa hewa. Alimwambia mumewe kwamba Jumatano angepanda hospitali ajionee.

Hapa ndipo wasifu hueleza maradhi. Marehemu hakuugua. Jumanne alikunywa chai, akamcheka mumewe aliyevaa fulana kinyume, akaenda kazini. Saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa ameinama kusoma geji, moyo wake ulisimama. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa. Tumeandika sentensi hizi na bado hatuziamini. Mume alipopigiwa simu alisema, "Mmekosea namba," akakata, akaendelea kushona mkono wa shati la mteja. Simu ikalia tena.

Mwili ulipelekwa hospitali ileile ya kilimani. Yule mkunga, ambaye sasa ndiye msimamizi wa wodi, alimtambua mume koridoni akiwa ameduwaa, akamshika mkono, akampandisha ofisini kwake ghorofa ya tatu anawe uso. Mume alifungua bomba, maji yakatoka kwa nguvu yakamlowesha kifua.

"Haya yameanza lini?"

"Jana saa kumi jioni, shemeji. Kina mama walipiga vigelegele."

"Mwenyewe aliambiwa?"

Mkunga alinyoosha mkono akafunga bomba. Hospitali ilidhani ofisi ya maji imemwambia. Ofisi ilidhani hospitali imempigia. Usiku mzima na asubuhi yote simu yake ilikuwa wazi, na hakuna aliyeipiga.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, kaka wawili, dada mmoja na mdogo wake anayewasomea maneno haya. Ameacha pia mama mzazi mwenye miaka themanini na moja, ambaye mpaka leo asubuhi anauliza kwa nini foleni imerukwa.

Mwenyezi Mungu amlaze mahali penye amani. Na kama huko yuko wa kumfikishia habari, tunamwomba amwambie leo hii: maji yamefika ghorofa ya tatu.