Siku Sato Walipoelea Luchelele

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi wetu, wazazi wetu shikamooni, ndugu wageni waalikwa na wahitimu wenzangu:

Mimi ni Immaculata Kahigwa, mfugaji wa samaki aina ya sato kwenye vizimba vya ziwani pale Luchelele. Nimepewa heshima ya kusema kwa niaba ya wahitimu wa biashara, na nawaambieni ukweli, bado nimepigwa na butwaa.

Mwalimu Chenge alitufundisha kwamba mwenye mkakati humjua mshindani wake kama anavyojijua mwenyewe. Kazi yangu ya mwisho nikaiandika juu ya Mama Teodora, ambaye vizimba vyake viko mbele ya vyangu, kwenye kina kirefu. Nikaeleza bei zake, wateja wake, udhaifu wake. Nikapata alama za juu. Nikaamini namjua.

Asubuhi moja mwezi Machi nilikuta maji yamebadilika rangi na sato wangu wote wanaelea matumbo juu. Hewa majini ilikuwa imekwisha. Ndugu zangu, mmewahi kuona jasho lenu lote limelala juu ya maji, kimya? Nilikaa kwenye mawe ya ufukweni.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Teodora, na mtumbwi wake na wafanyakazi wake. Samaki wake walikuwa wamenusurika. Nikajua amekuja kutazama.

"Inuka, mwanangu," akasema. "Hawa tuwafukie kabla mtu hajawapeleka sokoni. Halafu wapigie wateja wako, uwaambie ukweli. Samaki nitawapelekea mimi."

Nikaona biashara yangu ndiyo imekwisha. Nani kati yetu, kwa masomo tuliyosoma, angeshika wateja wa mshindani wake akawarudisha?

Baadaye meneja wa hoteli moja hapa mjini akanieleza kwamba alimwomba Mama Teodora mkataba wa moja kwa moja, naye akamjibu: "Hapana, baba. Wewe ni mteja wa Immaculata. Mimi namshikia tu."

Nikamfuata kumwuliza sababu. Akanishangaa mimi.

"Kwani ulitaka nibaki peke yangu ziwani?"

Leo vizimba vyangu vina samaki tena, na hoteli ile bado inanunua kwangu. Wakufunzi wetu, mmetufundisha mengi, nasi tunawashukuru kwa moyo wote. Hilo moja nimefundishwa ufukweni.

Kila mhitimu ameruhusiwa kuleta mgeni mmoja. Wangu amekaa kule nyuma, amevaa kitenge cha kijani. Mama Teodora, shikamoo. Naomba usimame, watu wakuone.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu.