Mama Pasi Hakuwa na Presha

Aliyeniambia kwanza ni mlinzi wa geti la hospitali, siku moja kabla ya siku ya taifa ya kuwakumbuka waliokufa kwa ugonjwa ule wa mlipuko, nilipokwenda kutafuta jina la mama kwenye orodha iliyobandikwa ukutani. Alisema, "Dada, usijichoshe, karatasi ya kifo ya Mama Pasi inasema presha."

Ndugu zangu, historia hii haikusomwa mama alipozikwa, kwa sababu tulikatazwa kukusanyika, ndiyo maana naisoma leo, nanyi mnisamehe sauti yangu ndogo.

Mama yetu alizaliwa tarehe 14 Februari 1968, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi hadi darasa la saba mwaka 1982, na tarehe 3 Juni 1991 akaajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akakabidhiwa pasi kubwa ya pale, na jina la Mama Pasi likamganda. Aliolewa mwaka 1993, akajaliwa watoto wawili, kaka yangu na mimi. Presha hakuwahi kuwa nayo, wenzake walimtania kwamba kazi yake ni kuwapandishia wengine, hasa wanaokunja mashuka ovyo.

Ugonjwa ulipoingia, mashuka ya wodi ya wagonjwa wake aliyafua yeye, kwa glavu zilizotoboka, akaanza kukohoa tarehe 9 Julai 2021, akafariki tarehe 17, saa nne asubuhi, katika wodi ileile.

Aliyetia saini karatasi ile ya presha ni kaka. Nilipomuuliza jioni ya siku ile niliyotoka getini hakubisha, alisema, "Watu wa hospitali waliniahidi nikikubali iandikwe presha watatupa mwili tumzike wenyewe." Hawakutupa, tulisimama mbali tukatazama watu waliojifunika gubigubi wakimshusha kaburini, na kwa miaka mitatu kaka akaniacha niamini kwamba karatasi imeandikwa kweli. Yupo hapa ananisikia, kwa hiyo simsengenyi.

Tunamshukuru daktari aliyekaa naye mpaka mwisho, majirani waliotuwekea maji mlangoni, na wenzake wa kufulia, lakini waliomwandikia presha sina la kuwashukuru.

Asubuhi baada ya kuongea na kaka nilimfunga mwanangu mgongoni nikaenda uwanjani kwenye kumbukumbu ya taifa, majina yakasomwa hadi la mwisho, msomaji akafunga faili lake, ndipo nikasimama nikataja la mama, majina yake yote matatu, na ugonjwa uliomuua.

Pumzika sasa, mama, umetajwa.