Manivele ya Mukuba

Katika teksi-bisi ya kwenda Karavia, mbele yangu, mama mmoja alipakata manivele, kile kishikio cha kushushia kioo cha gari. Jirani yake, Bwana Mbuyi, ambaye kabla ya kituo cha pili tulishajua sote kwamba anauza vipuri vya magari ya zamani, aliomba aitazame.

Akaipima kiganjani, akaikwaruza kwa ufunguo. Chini ya rangi nyeusi kukatokea wekundu.

“Mama, balikudanganya. Ya Peugeot 404 iko ya chuma. Hii ni mukuba, shaba ya hapa kwetu. Na meno yake imeisha, haitashika kitu.”

“Najua, papa. Baba yangu njo aliitengeneza, ku kazi yake, kwenye banayeyushanga mukuba. Ile ya kweli ilivunjika.”

“Basi njo unatafuta ile ya kweli?”

“Nilitafuta gari yenyewe. Tuliiuzisha wakati baba alikufa, bakaivunja bipande-bipande. Nimezunguka ku masoko yote, nimeona hii moja tu.”

“Miye niko na original, mupya kabisa.”

“Ile baba hakuigusa. Mangaribi alifikanga ku kona ya kwetu, anazungusha hii, kioo inashuka, anaita jina yangu.”

Mbuyi akakohoa. “Lakini haiko original,” akasema. Mfanyabiashara hafi na neno lake moyoni.

Gari likasimama. Kabla ya kushuka, mama aliizungusha manivele hewani, polepole. Nikajikuta nimetega sikio, kama kuna mtu atakayemwita.