Wa Baiskeli Wangoje Saa Kumi na Mbili

Benchi letu pale Fuentelobos limeegemea ukuta wa hosteli ya mahujaji, hatua nne kutoka mlango wa baa. Hapo ndipo njia ya kwenda Santiago, kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo, inapoanza kupanda mlima, na anayekosa kitanda kwetu hapati kingine mpaka ng'ambo ya kilele, kilometa kumi na saba. Siku hiyo, saa nane mchana, tulikuwa watatu na vikombe vyetu vya kahawa: mimi, kisha Eutiquio Prada, aitwaye Kengele kwa kuwa ndiye anayezipiga za kanisa, na Maximino Turienzo, aitwaye Teksi kwa kuwa anayo moja. Mlangoni alisimama Honorina Cepeda, mwangalizi wa hosteli, daftari kifuani.

Mbele yake palikuwa na mama wa Pamplona, Itziar Olaizola, na baiskeli mbili. Yake ilivuta kigari alimolala mwanawe Unai, wa miaka minne. Ya pili ilikuwa ya binti yake Nerea, wa miaka tisa, aliyekuwa amejiingiza kanisani kutafuta kivuli. Vitanda vilibaki vitatu tu. Honorina alionyesha karatasi ya ukutani: wa miguu kwanza, wa baiskeli na wa farasi wangoje saa kumi na mbili jioni. Na kundi la wa miguu lilikuwa njiani. Mabegi yao Teksi alikwisha kuyaleta tangu asubuhi.

— Mizigo yao imekuja kwa gari, alisema Itziar. Yangu nimeivuta mwenyewe siku kumi na moja.

— Karatasi haiulizi mizigo, mama. Inauliza miguu.

Kengele akaona ni zamu yake. Alisema mwenda pole hajikwai, kwa hiyo kitanda ni haki ya mwenda pole. Nilimwambia kwamba asiyejikwaa ndiye mwenye haja ndogo zaidi ya kulala. Teksi akatikisa kijiko.

— Aliye juu mngoje chini. Huyu mama keshashuka kwenye baiskeli, basi ni wa miguu. Mwandike, Honorina.

— Wewe unayewabebea watu mabegi ya toba ndiye wa kutufundisha sheria? alisema Honorina.

Tukacheka, ila si Itziar. Kengele hakukubali kushindwa. Akaeleza kwamba uchovu wa baiskeli hukaa makalioni, na kitanda kilibuniwa kwa ajili ya nyayo. Tena, Mtakatifu Yakobo huhesabu nyayo za kila hujaji, na gurudumu humwachia mstari mmoja tu, hivi kwamba huko juu familia hii inaonekana kama nyoka mrefu atokaye Pamplona. Nyoka haandikwi kitabuni.

Hapo Teksi akasimama. Alisema, kwa upole wa kweli, kwamba atawavusha mlima bure, baiskeli juu ya paa.

— Ahsante, kaka. Hatupandi gari.

— Binti yako amechoka.

— Amechoka, ndiyo. Mwenyewe ndiye aliyesema atafika kwa miguu yake iliyo kwenye pedali. Mkimnyima kitanda atalala hapa kwenye benchi lenu, na mimi pembeni yake, na hao wenye mabegi watatupita wakiingia. Nataka watupite.

Akaegemeza baiskeli ukutani, chini ya ile karatasi, akatandika blanketi miguuni petu. Kengele alilazimika kuinua viatu.

Nerea akatoka kanisani wakati huohuo, vumbi hadi kwenye nyusi. Aliisoma karatasi yote, kidole kikifuata maneno. Kisha akamgeukia Honorina.

— Shikamoo, bibi. Yule Mtakatifu Yakobo wa altareni kwenu yuko juu ya farasi. Na yeye alingoja mpaka saa kumi na mbili?

Kengele, ambaye kila Julai humfuta farasi yule vumbi kwa mkono wake, alitazama ndani ya kikombe. Kilikuwa kitupu. Mimi nilijua jibu la karatasi: wa farasi naye angoje.

Honorina akafungua daftari.

— Jina lako kamili.

— Nerea Zubiri Olaizola.

Aliliandika taratibu, kisha la mama, kisha la Unai. Mbele ya kila jina kuna nafasi ya kujaza: miguu, baiskeli au farasi. Kwa mara ya kwanza katika miaka yake kumi na tisa mlangoni pale, aliziacha wazi zote tatu, akagonga muhuri.