Mzee Mokua Bichage, Asiyejua Kutulia, na Mbwa Wake Sajini

Marehemu Mzee Mokua Bichage alizaliwa tarehe 9 Juni 1964 katika kijiji cha Bomorenda, Kisii, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mayaka Bichage na marehemu Mama Nyatichi. Mama yake alishikilia kwamba Mokua alitembea kabla ya kutambaa. Huenda alitia chumvi, lakini waliomjua mwanawe hawakumbishia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1971 na kufanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1977, akiwa amehamishwa shule mara mbili. Hakuwa mtundu. Walimu walichoka tu kumkuta dirishani. Alimaliza kidato cha nne mjini Migori mwaka 1981.

Aliuza omena, dagaa wa ziwani, huko Sori, kisha majembe na tochi kwa wachimba dhahabu wa Osiri, kisha akapanda miwa na kuing'oa kabla haijakomaa. Kila kazi aliishika kwa moyo wote, na kila mara miguu ilianza kumwasha. Mwaka 1998 alifungua duka la dawa za mifugo hapa Ndhiwa na hapo akakaa, ikiwa mtu anayelizunguka duka lake kutwa nzima anaweza kusemwa amekaa.

Tarehe 15 Desemba 1991 alifunga ndoa na Kemuma katika Kanisa la Waadventista wa Sabato, Rongo. Mchungaji alikuwa bado anasoma swali la kiapo, bwana harusi akajibu "ndiyo" katikati ya sentensi. Kemuma alicheka mbele ya kanisa zima. Walijaliwa mabinti wawili, Bochaberi na Damaris.

Mwaka 2017 daktari mmoja wa mifugo aliyehamishwa kutoka Migori alimwachia mtoto wa mbwa mwenye madoa ya kahawia, wa ile mbegu ya kuwinda ndege. Mokua alimwita Sajini, na tangu hapo hatukusikia habari nyingine mezani. Kila Agosti, wafugaji wa mbwa hao wa Migori na Homa Bay hukutana kuwapa mbwa wao mtihani kwenye shamba lililovunwa nje ya Ndhiwa, siku ya Jumapili, maana Jumamosi Mokua asingekanyaga. Mbwa hunusa kware wa kufugwa aliyefichwa nyasini, kisha husimama akimwelekezea pua. Kware hurushwa, bunduki hupigwa hewani, na mbwa hatakiwi kuinua hata unyayo mpaka anayemwongoza amruhusu.

Sajini alianguka mtihani huo mwaka baada ya mwaka. Mokua alilaumu upepo, akalaumu nyasi, akalaumu waamuzi, hadi mwamuzi mkuu, Bwana Oliver, alipomvuta kando.

"Mzee, hii mbwa haina shida," alimwambia. "Ndege ikiruka, ni wewe unaruka. Yeye anakufuata tu."

Maneno hayo yalimchoma. Hakula siku hiyo. Kuanzia kesho yake alifanya mazoezi uani, na Kemuma akichungulia kutoka jikoni alimwona mbwa amesimama wima, mumewe akijikuna, akihamisha mguu, akisafisha koo. Alimwonea huruma, na pia alitamani kumfunga kamba.

Februari 2024 miguu yake ilianza kuvimba. Hospitalini mjini Homa Bay waliambiwa moyo umechoka, na kwamba dawa ya kwanza ni kupumzika. Hakuna adhabu ambayo ingemwumiza zaidi. Kitu kimoja tu alikitaka: Sajini afaulu. Na mbwa akishapita miaka minane hapokewi tena, kwa hiyo Agosti ya mwaka huu ilikuwa nafasi yao ya mwisho.

Jumapili tarehe 3 Agosti 2025 alifika shambani akiwa hawezi kutembea hata mstari mmoja wa mahindi. Alitaka abebwe ili amwongoze mbwa. Kemuma alimwekea kiti pembeni.

"Baba Bochaberi, wewe keti," alisema. "Mimi nitaenda na yeye. Lakini ukiinuka, atakuona."

Sajini alisimama karibu na mpaka wa shamba. Kware aliruka, bunduki ikalia. Mbwa aligeuza jicho kumtafuta bwana wake, na Kemuma naye akageuka, roho mkononi. Mokua alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili, hatikisiki. Alikuwa ametulia mno hata Kemuma akadhani amekufa, lakini hakuthubutu kumkimbilia. Ndege alipopotea, Sajini akiwa hajainua unyayo, Kemuma alimruhusu kwa sauti iliyokatika, kisha akamkimbilia mumewe. Nyuma yake Bwana Oliver alitangaza kwamba Sajini amefaulu.

"Si mlisema nitulie?" Mokua alimwuliza, machozi yakimtiririka. "Nimetulia."

Alifariki nyumbani Jumatano tarehe 17 Septemba 2025, alfajiri, akiwa na umri wa miaka 61, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Kemuma. Ameacha mjane, mabinti Bochaberi na Damaris, mkwe mmoja, wajukuu watatu, kaka yake Jeff, na Sajini.

Kemuma ana ombi moja. Jeneza likishuka, mtu asikimbilie udongo wala kuanzisha wimbo. Tusimame tulipo, hata miguu ikituwasha, mpaka yeye mwenyewe atakapoturuhusu.

Pumzika sasa, Mokua. Bwana akupe utulivu usiokuchosha.